Oma na Loma

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku mtaani Jericho tuko, magoti tu ndiyo yamegoma. Nimetafuta mtu anifunze Kijerumani, nami nimfunze Kibukusu. Vijana wananicheka: "Kibukusu cha nini, shosho? Kitanipa viza?" Hata Eve anayeniandikia barua hii amekataa. Andika hivyo hivyo, Eve!

Nimechoka, lakini mwanao Owen huko kwa Wajerumani simwachi. Siku ile kwenye simu alisema "Oma", mimi nikasikia "loma" ya Kibukusu, yaani ongea, nikaongea mpaka mtoto akalia. Kumbe ananiita nyanya kwa Kijerumani! Tangu hapo hupigi simu. Piga, wewe. Tutabadilishana naye, neno kwa neno. Yeye ameshanipa Oma. Mwambie neno langu la nyanya ni Kukhu.

Ni mimi,
Kukhu Beldina