Kapteni Anawapa Vijana Nafasi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimefeli. Mimi, Kapteni Philbert, saa elfu nane na mia nne angani, nimefeli kutua. Tena si angani hata — kwenye simyuleta, kile chumba kinachoyumba juu ya miguu ya chuma kule kwenye kiwanja cha ndege cha Zaventem, ambacho hata ukianguka nacho unashuka ngazi na kwenda kunywa chai.

Mkaguzi alikuwa mpole. Wapole ndio wabaya. Tulikuwa futi elfu tatu, upepo wa ubavuni, akanyoosha kidole akazima otopailoti. Kisha akazima na ile mashine inayoongeza na kupunguza nguvu ya injini. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza supu, haya, tua kwa mkono. Mkono! Nikashika usukani. Mwendo ukaanza kushuka. Mkono wangu mwingine ulikuwa juu ya vishikio vya injini, umetulia kabisa, unasubiri visogee vyenyewe kama kila siku. Havikusogea. Nilipozinduka tulikuwa tumeiacha njia ya kutua upande wa kulia, na picha ya majani ya Ubelgiji, mazuri sana, imejaa kioo kizima.

Mtihani wa marudio ni Ijumaa tarehe 19. Hadi hapo sipangiwi safari. Nikifeli tena narudi kiti cha kulia, cha msaidizi, au narudi nyumbani moja kwa moja. Kampuni imenishauri nikajinoe kwenye ndege ndogo. Nikajinoe, kama kisu cha jikoni.

Sijamwambia Paskalina. Mke wangu alipofeli mtihani wa Kiholanzi mwezi wa tano, nilimcheka wiki nzima, mpaka mbele ya wageni. Kwa hiyo nimemwambia ratiba ya mwezi huu ni safari fupifupi tu.

Jumatano, 3 Septemba

Nimetoka nyumbani, hapa Jette, na sare kamili. Mistari minne begani, kofia, sanduku la magurudumu. Paskalina alikuwa anajiandaa kwenda zamu hospitalini, akanitakia safari njema. Nikaenda hadi stesheni ya Gare du Midi, nikaingia chooni kapteni, nikatoka mtu wa jinzi. Nadhani hata wezi huwa na utaratibu huohuo.

Kiwanja chenyewe ni shamba la nyasi kusini ya mji. Ng'ombe upande wa pili wa waya. Nikamwomba binti aliyekuwa anafuta kioo cha ndege aniitie mwalimu. Akaniambia mwalimu ni yeye. Kahambu, miaka ishirini na saba, wazazi Wakongo wa Butembo, amekulia hapa Anderlecht. Kazi yake ni kuwafundisha upya marubani wenye leseni ambao mikono imesahau kazi. Wapo wengi, alisema, nisione haya. Nikaona haya.

Ananiita Papa, yaani baba, kwa heshima zote. Kisha ananimaliza.

Dakika ya tano angani: "Papa, miguu yako iko mu congé?"

Likizo? Nikatazama chini. Kweli, ilikuwa imelala sakafuni. Kwenye ndege kubwa pedali hatuzigusi sana tukishapaa, mashine inajua la kufanya. Hii ndogo ukiiacha bila miguu inakwenda ubavu-ubavu, na rubani anakuwa wa mwisho kujua.

Aibu kubwa ilikuwa kutua. Kwenye ndege yangu, magurudumu yakigusa chini, mimi nakaa juu usawa wa ghorofa ya pili. Macho yamezoea hivyo. Basi tulipofika usawa huohuo nikainua pua, nikasubiri mguso laini. Laini wapi! Kindege kikaishiwa mwendo hewani, kikadondoka kama gunia la viazi. Kahambu akashika mgongo.

"Bon. Papa, udongo iko bado chini. Tungoje tufike kwanza, alors tutue."

Mara sita. Zote sita nilitua kwenye ghorofa ya pili. Ng'ombe walianza kusogea mbali na waya.

Ijumaa, 5 Septemba

Leo Kahambu amekuja na vikaratasi vya njano vya gundi. Akabandika kimoja juu ya saa ya mwendo, kingine juu ya saa ya kimo. Nikamuuliza sasa nitajuaje mwendo wangu. Akasema nisikilize upepo kwenye mlango, nitazame pua imekaa wapi na mstari wa mbingu, na nikalie matako yangu vizuri maana nayo yanajua. Hayo ya matako aliyasema kwa Kifaransa, kwa adabu.

Nilikuwa napiga jicho kwenye vikaratasi kila sekunde tatu. Vilikuwa vya njano tu.

Halafu, sijui dakika ngapi, kati ya mzunguko mmoja na mwingine, nikaacha. Sauti ya hewa ikapungua kidogo, mkono ukasukuma pua chini kabla sijafikiri. Miguu nayo ikaja. Kahambu akaendelea kutafuna big-jii yake. Nilifurahi. Sijafurahi hivyo ndani ya ndege tangu nikiwa mwanafunzi, na naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya misa Watanzania tulikutana Berchem-Sainte-Agathe, pilau kwenye ukumbi. Mwenyekiti akaniomba niwaambie vijana maneno mawili kuhusu urubani. Nikawaambia arobaini. Siri ni kujiamini, nikasema. Makofi. Kabla ya soda kuisha nilikuwa nimeanza kujiamini mwenyewe.

Tukiwa kwenye tramu Paskalina akaniuliza viatu vyangu vya kazi vimepata wapi kinyesi cha ng'ombe. Nikasema viwanja vya Ulaya siku hizi vimeshuka kiwango. Akatazama dirishani.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua. Kahambu kapiga simu, hakuna kuruka, nifanye mazoezi kwenye kiti. Si utani — marubani wote hufanya. Unafumba macho, unarudia kila kitu kwa mikono na miguu mpaka mwili ukariri. Nikaweka kiti katikati ya jikoni. Mwiko wa ugali ukawa usukani. Ndala mbili za Paskalina zikawa pedali. Upepo kutoka kushoto, bawa la kushoto chini, mguu wa kulia, subiri, subiri...

Nilipofumbua macho Paskalina alikuwa mlangoni na koti lake la mvua. Zamu ilikuwa imebadilishwa.

Nikasema ni mazoezi ya mgongo.

"Na mwiko?" akauliza.

Nikamwambia yote. Simyuleta, choo cha stesheni, Kahambu. Nilikuwa tayari kuchekwa, nilijua nina deni la wiki nzima. Hakucheka. Akavua koti, akakaa, akauliza kitu kimoja: mwezi wa pili, ule upepo wa Tenerife, yeye akiwa amekaa safu ya nne, nani alitua?

Inabidi niandike hili vizuri. Kila safari mmoja wetu wawili ndiye anayetua, na kapteni ndiye anayepanga. Mwaka wa pili sasa, utabiri ukisema upepo, mimi nageuka mkarimu. Chukua wewe, nasema, upate uzoefu. Vijana wananipenda kwa hilo. Kapteni Philbert anawapa vijana nafasi! Na siku za shwari natua mimi, au kidude kinatua, mimi nakisindikiza. Haikuwa hila, naapa. Nilikuwa naiamini kabisa roho yangu nzuri.

Tenerife alitua Hénock, msaidizi wangu, kijana wa Kikongo mwenye miaka ishirini na tisa. Alitua vizuri mno. Abiria wakapiga makofi, na aliyeanza kupiga ni Paskalina, kisha akawaambia jirani zake kapteni ni mume wake. Mimi nikasimama mlangoni nikapokea pongezi, mkono kwa mkono. Hénock alikuwa nyuma yangu anajaza karatasi.

Nikamjibu, Hénock.

"Basi nilimpigia makofi mtu mwingine," akasema. Akaokota ndala zake, akazivaa.

Jumamosi, 13 Septemba

Upepo. Ule mfuko wa rangi ya chungwa unaoonyesha upepo kiwanjani umenyooka kama mkono wa trafiki. Nikapendekeza turudi wiki ijayo. Kahambu akasema ameomba huu upepo tangu Jumatano.

Mara ya kwanza nilikata tamaa, nikapaa tena. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu, tukiwa tunakaribia, kindege kinarushwa huku na huku, nikasikia sauti tulivu sana, ya mtu mkarimu: Kahambu, hii itue wewe, niangalie mbinu zako. Ilikuwa sauti yangu. Sikuwa nimepanga kusema. Imetoka kama salamu.

Kahambu akaachia kila kitu. Akaweka mikono yote miwili chini ya mapaja yake, akaikalia.

"Papa, miye mikono sina. Humu hamuna muntu mwengine. Ni weye tu."

Nilikasirika kwelikweli. Nikamwita mtoto. Nilimwita mambo mengine pia, kwa Kihaya, na wakati namtukana bawa la kushoto lilikuwa chini na mguu wa kulia unasukuma. Gurudumu moja likagusa, tukaruka, likagusa tena, la pili likafuata. Vibaya, mshazari kidogo, lakini chini.

Akatoa mikono, akaikunjua vidole. Ilikuwa imekufa ganzi. Akasema tutarudia mara tano.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefaulu. Mkaguzi yuleyule, supu ileile. Ameandika "inaridhisha". Ndani ya simyuleta kiti cha kulia alikaa yeye, na mkaguzi huwezi kumpa nafasi.

Paskalina amepika ndizi na nyama. Amenipongeza, amenibusu. Akauliza safari ya kwanza lini, na kama kutakuwa na upepo.

Jumatatu, 22 Septemba

Zaventem, chumba cha marubani, dakika arobaini kabla ya kuondoka. Bilbao. Ratiba imenipa Hénock, na Bilbao imetupa upepo wa ubavuni wa noti ishirini na sita, karibu kilomita hamsini kwa saa, na mitikisiko. Uko ndani ya kiwango cha ndege. Nimetazama utabiri mara nne, bado uko ndani ya kiwango.

Hénock ameuliza kwa desturi tu, akiwa tayari amefungua ramani ya Bilbao upande wake: "Commandant, leo natua miye, hein?" Hakuwa na ubaya. Kijana amezoea. Ameshasoma utabiri, na ananijua kuliko mke wangu anavyonijua.

Nimemjibu tutaona. Nimeisikia nilivyoisema, ile sauti tulivu.

Ameniletea karatasi ya safari. Majina yetu yote mawili yapo, na kuna kisanduku kimoja cha kutia alama ya atakayetua. Abiria mia na arobaini na mbili, imeandikwa pale juu. Nimejiambia naandika kwanza mistari miwili humu, halafu natia alama. Hii ni mistari mingi kuliko miwili. Hénock amesimama mbele yangu, ameuliza kwa adabu kama kuna shida yoyote, maana kalamu ninayoandikia ni yake