Mama Verlene Amepumzika

Lewisville, Texas
Mwezi wa tano

Kwako Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Napiga magoti huku niliko, nawe unipokee huko uliko. Naomba barua hii ikukute unakula vizuri na unalala vizuri, na ule mguu wa kushoto uwe umetulia tangu uanze dawa mpya. Kaka Vital ameniambia mvua ya Kigoma imepitiliza mwaka huu na kwamba umerudi kupanda mihogo, wakati daktari alikukataza kuinama. Sitakugombeza. Sisi huku ni wazima. Mdogo wangu Fanny ni mzima, na mtoto wake ananenepa hadi mapaja yana mikunjo kama ya unga uliokandwa.

Utajiuliza kwa nini nahangaika na karatasi wakati simu ipo. Mama, simu yako tunaijua. Nikituma sauti unaibonyeza uani, imepandishwa hadi mwisho, na jirani yako Mama Matumaini anakuwa amesikia kabla yako. Haya nataka uyasome wewe kwanza, peke yako, na miwani yako. Parfait anasafiri wiki ijayo, ndiye atakayekuletea, nami nimemwapiza asiifungue.

Niyapange tangu mwanzo, maana nilipokueleza kwa simu nilikuwa nalia. Unajua kwamba kwa miaka sita nimekaa Houston nikimtunza Mama Verlene Gaskin, yule bibi aliyekuwa mbunge katika Bunge la jimbo. Kumwogesha mimi, kumlisha mimi, kumsomea magazeti mimi, na yeye kunisahihisha Kiingereza kila sentensi kama mwalimu mwenye fimbo. Binti yake, Corinne, alikuwa anakuja jioni akitoka kazini, amechoka, haongei, anafungua jokofu anatazama ndani anafunga. Mimi sikumpenda. Mtu anayeingia kwa mama yake bila kumsalimia, nilisema, huyo ana jambo.

Fanny alipokaribia kujifungua niliomba ruhusa nije huku nimsaidie. Niliondoka Mama Verlene akikohoa kidogo tu. Wiki ya pili nikapiga simu nyumbani kwake, akapokea Corinne. Sauti yake ilikuwa kavu. Aliniambia Mama amepumzika, na kwamba nisije Jumatatu. Nikajikaza nikauliza ibada itakuwa lini, akasema kwa sasa hakuna ibada, nikihitajika nitaitwa. Nikakata simu, nikalia hadi majirani wa ghorofa ya chini wakagonga mlango.

Fikiria, Mama. Miaka sita, halafu nikihitajika nitaitwa! Mtu gani anamfukia mama yake bila ibada, bila kumwita aliyemfunga vifungo kila asubuhi, kama si mtu mwenye la kuficha? Hasira ilinishika nikaifunga namba ya Corinne isiweze kunipigia kamwe, maana nilijua akinipigia nitamtukana. Ndipo nilipokusimulia wewe, na nikawasimulia akina mama wa parokia, kwamba Mama Verlene aliwahi kunishika mkono akaniambia anamwogopa binti yake. Tukamfanyia kilio hapa kwa Fanny siku tatu. Akina mama walileta fufu na sombe, tukaimba, na kila aliyeondoka aliondoka akitikisa kichwa juu ya Corinne. Fanny peke yake ndiye aliyesema, akiwa na mtoto kifuani, "Yaya, weye unawazaka mubaya tu." Nikamjibu kwamba mimi dada yake siwazi mabaya, ila mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kuna kijana mmoja Mtanzania, Humphrey, anakaa Irving, ni muuguzi na anaimba besi katika kwaya yetu. Humphrey anapenda siasa kuliko chakula. Ndiye aliyetuma ujumbe kwenye kundi letu kwamba Jumatano Bunge la Texas litamuenzi aliyekuwa mbunge wa Houston, Mheshimiwa Verlene Gaskin. Niliposoma hilo neno kumuenzi, na hilo aliyekuwa, niliketi chini. Binti amekataa kumfanyia ibada, nikasema, lakini Serikali imekataa kukataa. Nikamwomba Humphrey anipeleke Austin, liliko Bunge. Nilitaka kumlilia bibi yangu mahali ambapo Corinne hawezi kunifungia mlango. Na nilikuwa na neno lingine moyoni, ambalo Humphrey sikumwambia. Nilikuwa nimejifunza sentensi ya Kiingereza kwa kichwa, nikaisema mbele ya kioo, ili Corinne akisimama pale nimuulize kwa sauti, mbele ya wabunge wote, mama yake amemweka wapi.

Tuliondoka alfajiri kwa barabara ya 35. Nilivaa kitenge cheusi na kilemba cheusi. Njiani Humphrey alisema jambo moja linamshangaza, kwamba ametafuta sana kwenye magazeti ya Houston na hakuona tangazo lolote la kifo. Nikamwambia hilo ndilo ushahidi. Angetangazaje, wakati anaficha? Humphrey akaongeza sauti ya redio, na mimi nikajiona mwerevu.

Jengo la Bunge ni la mawe mekundu yaliyopauka, na kwa ndani ni baridi kama ghala la samaki. Wageni huketi juu, kwenye roshani inayozunguka, na wabunge wako chini kwenye meza zao. Mama, nilidhani Bunge ni mahali pa kusikilizana. Baada ya sala na kiapo kwa bendera mbili, ya nchi na ya jimbo, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Mmoja anasoma kwa mikrofoni, wengine wanakula karanga, wanapigana mabegani kirafiki, wanazungumza na simu zao. Ukutani kuna ubao mkubwa wenye majina, na taa za kijani na nyekundu zinawaka kila wanapopiga kura. Walianza kwa kuwapongeza wasichana wa shule fulani walioshinda mpira. Wakafuata wafuga nyuki. Kisha mzee mmoja akasifiwa kwa kupika nyama kwa miaka hamsini, na hapo ndipo wabunge walipopiga makofi kwa moyo.

Halafu Spika akagonga rungu lake, akalitaja jina. Familia ikapanda jukwaani, na mbele yao, Mama, alikuwa Corinne. Hakuwa na nyeusi hata kitambaa. Alivaa gauni la rangi ya maziwa, na mbunge mmoja alipomnong'oneza kitu, alicheka. Alicheka! Nilimgusa Humphrey aone. Nilishika ukingo wa roshani hadi vidole vikauma.

Karani akasoma azimio lao. Wabunge watatu wakasimama mmoja baada ya mwingine kumsifu. Mmoja alisema Mama Verlene alikuwa akimzuia mtu kupiga kura kwa kumtazama tu. Mwingine alisema alikuwa akificha pipi kwenye droo na kumnyima aliyemsaliti. Wa tatu, mzee mwenye fimbo, alisema walikuwa maadui kwa miaka kumi na nane na hakuwahi kupata rafiki wa kweli kama yule adui. Kila walichosema kilikuwa alikuwa, alikuwa, alikuwa. Machozi yalianza yenyewe. Corinne naye alikuwa amekaza macho kwenye mlango wa chini yetu, nami nikasema moyoni, anatafuta njia ya kukimbilia.

Spika akagonga tena, na Bunge zima likasimama. Nikajua ni ile dakika ya kumkumbuka marehemu. Mama, ile sentensi ya Kiingereza ilinipotea yote. Badala yake nilipiga kilio, kile chenyewe cha kwetu, mikono kichwani, nikimwita Mama Verlene kwa jina, nikimuuliza ananiachia nani. Kikajaa ukumbi wote hadi juu. Wabunge wakageuza shingo. Wasichana wa mpira waliokuwa bado wamekaa ng'ambo ya pili walinitolea macho.

Ndipo kutoka chini ya roshani yetu, ambapo mimi nisingeweza kuona, kikatokea kiti cha magurudumu. Kilipita polepole katikati ya wabunge, na juu yake kulikuwa na kofia ya njano ninayoijua, maana nimeipiga brashi mimi mwenyewe mara nyingi. Chini ya kofia alikuwa Mama Verlene. Wabunge hawakusimama kwa ajili ya marehemu. Walisimama kumpokea.

Nitakuambia ukweli, furaha haikuja kwanza. Kwanza ilikuja hasira. Kama alikuwa amekufa, basi hakuniacha. Lakini yuko hai, ana kofia, anapunga mkono, na miezi miwili hakuniulizia? Nilikuwa nimekwisha kumsamehe kwa kufa, na sasa sikujua nimsameheje kwa kuishi. Askari wa Bunge, mstaarabu sana, alinishika kiwiko akanitoa nje, Humphrey nyuma yangu akiomba radhi kwa kila mtu.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini tukisikia makofi na vicheko kupitia mlango. Baadaye wakatoka. Mama Verlene aliponiona alisukuma magurudumu mwenyewe, akanikamata mkono, akanigombeza kwa nini nimemtupa. Alisema alifikiri nimepata kazi bora Dallas nikaona yeye ni mzigo. Nikamgeukia Corinne tayari kwa vita. Corinne akasema alinipigia kila siku, wiki nzima, simu haiingii. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema Mama amepumzika. Akasema ndiyo, alikuwa hospitali, mapafu yamejaa maji, amelala, anapumzika, na walikuwa wanamweka huko wiki kadhaa, ndiyo maana akasema nisije Jumatatu.

Na ibada? Hapo, Mama, ndipo nilipoelewa. Kwa Kiingereza neno la ibada ya mazishi na neno la huduma, kazi yangu ile ya kumtunza mtu nyumbani, ni neno moja, service. Mimi niliuliza mazishi lini. Yeye alinijibu kwamba huduma imesimama kwa sasa, nikihitajika nitaitwa. Hakuna aliyeficha kitu. Alinijibu kila nilichouliza, nami nikamzika mama yake kwa masikio yangu mwenyewe.

Mama Verlene akauliza, basi kule juu nilikuwa namlilia nani. Corinne alinitazama. Nikadanganya. Nikasema kwetu mtu mkubwa akiheshimiwa, wanawake humlilia hivyo. Humphrey alikohoa. Bibi alifurahi kupita kiasi. Akamwita yule mzee mwenye fimbo akamwambia kwamba katika sifa zote za siku hiyo, hiyo moja tu haikuandikwa na karani.

Corinne alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Alisema anajua nilidhani mama yake amekufa, aliona uso wangu. Akaniomba msamaha kwa kuongea kwa haraka kwenye simu. Akasema mama yake hana mwaka mwingine, daktari amesema, na kwamba jioni anaposimama mbele ya jokofu bila kuchukua kitu anakuwa anajizuia asilie mbele ya mama. Kisha akaniomba nirudi. Alisema ni mimi peke yangu ambaye anaweza kuniachia mama yake akafunga mlango, akaenda kazini na moyo mtulivu.

Mama, sasa nafika kwenye lile lililonifanya nikuandikie. Yale maneno, kwamba Mama Verlene alinishika mkono akasema anamwogopa binti yake, hakuyasema. Hakuna siku aliyoyasema. Niliyatunga mimi. Nilikuwa na hakika Corinne ana ubaya, lakini hakika yangu haikuwa na miguu, watu walikuwa wananisikiliza nusu nusu, ndipo nikaipa miguu. Siku ya kwanza niliyasema nikijua ni uongo. Siku ya tatu ya kilio nilikuwa nayalilia kama ya kweli.

Tulipokuwa tunarudi, Humphrey alinitania hadi mji wa Waco, akiniita mzika wazima. Halafu kicheko kikamkatika. Akasema yeye ni muuguzi, na sheria ya hapa haimruhusu kusikia maneno kama yale anyamaze. Wiki iliyopita, maneno yalipomfikia kwenye kwaya, alikuwa ameipigia ofisi ya jimbo inayolinda wazee, akawapa jina la Corinne, na akawapa maneno yale. Watakwenda nyumbani kwake kumhoji. Nikamwambia maneno ni yangu. Aliponishusha Lewisville hakuzima gari.

Kesho yake nilikwenda naye kwenye ile ofisi, nikasema kwa kinywa changu kwamba nilitunga. Wameandika, na huenda nikanyimwa kazi ya kutunza watu, bado wanafikiria. Kisha nikaifungua namba ya Corinne nikampigia, nikamwambia yote, hata kile kilio cha siku tatu, hata kwamba jina lake limetajwa vibaya hadi Kigoma. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema kama ofisi itaniruhusu, nirudi, maana mama yake ananiulizia kila asubuhi na hataki kuogeshwa na mwingine. Lakini ameacha kazi ya mchana. Atakuwa nyumbani, na mlango wa chumba cha mama yake hautafungwa tena nikiwa ndani.

Nimekubali, Mama. Nakuomba uwaite akina Mama Matumaini uwaeleze, kwa sauti ile ile waliyosikia uongo. Na kwenye misa, mwambie padri amtoe Mama Verlene kwa marehemu amweke kwa wagonjwa. Msalimie Vital na watoto, mwambie asikuache uiname. Fanny anakubusu, mtoto naye. Niombee, lakini kwanza mwombee Corinne.

Ni mimi mwanao,
Esperance