Kabati la Nyoka Wako

Mume wangu,

Nyoka wako hajambo. Nasi hatujambo, ingawa barua yako iliuliza habari za nyoka tu.

Lile sanduku lake lilioza kwa unyevu, nikamtengenezea jingine kwa mikono yangu. Mwanzoni nilikosea. Nilitundika balbu ndani bila wavu, akajiviringisha kwayo akaungua mgongo. Daktari wa mifugo alinigombeza mpaka nikaona haya. Sasa balbu iko ndani ya wavu wa chuma, na fundi umeme amefunga kifaa cha kuizima joto likizidi. Upande mmoja una joto, mwingine hauna, naye anahama apendavyo. Kidonda kimekauka.

Mbao nilizipata wapi? Ni kabati lako la nguo. Nililiangalia wiki nzima, kisha nikalilaza ubavu, nikalitoboa matundu ya hewa na kulitia kioo mbele. Uliaga unakwenda miezi mitatu, na huu ni mwaka wa tatu.

Nguo zako ziko kwa dada yako. Nimezipiga pasi zote.

Ukirudi, shukia huko huko kwake. Nyoka atabaki hapa, tumeshazoeana.

Ni mimi,
wa nyumba uliyoiacha