Aliyeifungua Picha ya Nassoro

Forest, Bruxelles
13 Novemba 2016

Mpendwa wifi yangu Hidaya,

Assalaam alaykum. Kabla ya yote nakujulia hali, wewe na mwanetu Nassoro, na wote waliowapokea hapo Kigoma. Je, kile kikohozi cha mtoto kimepoa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Baridi imeshaanza kutung'ata, na mimi bado nasafisha vyumba vya wagonjwa kule Jette.

Wifi, nimeandika kwa karatasi makusudi. Habari hii sikutaka ikukute kwenye simu, katikati ya watu. Keti kwanza, mtoto mpe mtu akushikie.

Unakumbuka mwaka jana ulipojifungua, binamu yako aliiweka picha ya Nassoro mtandaoni, nami nikaombwa nimtumie kaka yangu Ilyas, aliyebaki Bujumbura. Linki yenyewe ilikuwa ndefu kama tasbihi. Kila nikiituma kwenye kile kisimu chake ilifika vipande vipande, haifunguki. Nikaenda kwa Polycarpe, yule Mkongo wa Lubumbashi mwenye duka la simu kwenye barabara ya Chaussée de Wavre. Akanicheka. "Maman, bon, hii kintu yako ni murefu sana! Una-copier, una-coller hapa, inatoka kafupi. Donc hautapoteza tena wakati." Kweli, nilipoinakili na kuibandika kwenye ukurasa aliounionyesha, zilitoka herufi chache tu, nikazituma. Siku ileile Ilyas akanijibu: "Nimemwona mwanangu. Pua ni ya mama."

Wiki hiyohiyo askari wakaja kumchukua nyumbani kwake, mtaa wa Buyenzi, yeye na simu yake. Tangu hapo hatukusikia kitu.

Polycarpe alikuwa amenionyesha pia kwamba ukurasa ule wa kufupisha linki unahesabu: kila inapofunguliwa inaonekana, pamoja na nchi aliko mfunguaji. Linki ile nilimtumia Ilyas peke yake. Mwezi wa pili mwaka huu ikafunguliwa tena, kutoka Burundi. Kisha tena. Nilipiga vigelegele ndani ya tramu, Wazungu wakanitazama kama mwenye kichaa. Nikakupigia, ukalia, nikalia. Baba yako, Mzee Shafii, alitaka kupeleka suala lako kwa kadhi ili ujue kama ukae eda au ungoje. Nikamwambia asihangaike, mkwewe yuko hai, anamtazama mtoto wake. Ramadhani nzima ukamwekea futari yake.

Lakini picha nilizomtumia baadaye, Nassoro akikaa, Nassoro akitambaa, haikufunguliwa hata moja. Jambo hilo lilinikera moyoni, nami nikalinyamazisha. Mfa maji haachi kutapatapa.

Jumatano iliyopita ukaingia ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Dada, samahani. Hii simu nilinunua kwa muntu sokoni. Ile picha naifungua kwa sababu mutoto ni muzuri. Lakini mimi siye baba yake, usiendelee kungoja."

Nikampigia palepale. Alisema aliyemuuzia hamjui, na kwamba ujumbe wetu wa zamani haukuwa umefutwa; laini aliweka yake, ndiyo maana picha za baadaye hazikumfikia. Nilipomdadisi zaidi akaogopa, akakata. Sasa hapatikani. Simlaumu yeye. Aliyeuza simu ya kaka yangu ndiye ninayemlaani kila nikiinama kupiga deki.

Wifi, sisemi kwamba Ilyas amekufa. Hilo silijui, Mungu ndiye ajuaye. Nasema ile dalili tuliyoishikilia haikuwa yake. Mwambie baba yako asinisikilize tena mimi, aende kwa kadhi. Ukiamua kukaa eda, au ukiamua kungoja, wewe ni wifi yangu na Nassoro ni damu yetu. Hakuna wa upande wetu atakayekunyooshea kidole.

Nisalimie Mzee Shafii na umwombe radhi kwa niaba yangu. Nisalimie Mama Mdogo Latifa, na yule binamu yako aliyepiga picha.

Jana nilikaa nikaitazama tena ile hesabu. Kufunguliwa kwa kwanza ni kwa siku ileile aliyonijibu, kabla hawajaja. Hiyo ilikuwa yake. Nassoro akikua akaanza kuuliza, mwambie baba yake alimwona.

Mola awafunike kwa rehema zake, nyinyi huko, na yeye popote alipo.

Wifi yako akupendaye,
Yasmina