Sombe ya kinu

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika mchana, sasa inarudi. Vidole vyangu vinanuka mawese na bado vinateleza, kwa hiyo nikikosea herufi mnisamehe.

Nimeogopa siku nzima.

Mume wangu, Papa Ansima, alikuwa Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu tangu mwaka jana. Juzi motari mmoja, dereva wa pikipiki, aliniletea ujumbe wake: anarudi Jumamosi jioni, nisimwambie mtu. Sikuuliza sababu. Mwezi uliopita, avenue ya chini yetu, baba mmoja alirudi kutoka machimboni na usiku uleule wenye bunduki wakavunja mlango wake. Walitaka dhahabu. Walimpiga mpaka mkono ukavunjika. Mtu akitoka Mwenga kila mmoja anadhani amebeba dhahabu, hata kama amerudi na kikohozi tu.

Basi nikanyamaza. Hata kanisani nilinyamaza, mimi ambaye mdomo wangu mnaujua.

Lakini nikatwanga sombe.

Sokoni kuna mashine ya kusaga majani ya muhogo. Ningesagisha, ningefunika ndoo, nani angejua? Ila kwetu sombe ya mashine ni ya wageni. Mtu wako akitoka mbali unamtwangia kwa mikono yako, na marehemu mama mkwe alikuwa anatambua tofauti kwa kuonja mara moja. Nilitaka Papa Ansima aonje ajue kwamba nilimngoja. Nikatoa kinu barazani, nikatwanga asubuhi nzima, na avenue yote ikisikia.

Maman Furaha, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta.

« Maman Ansima, hiyo sombe yote ni ya nani? Papa Ansima anarudia leo? »

Nilicheka tu.

Binti yangu Ansima alikuwa anachambua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, karibu yangu. Akaacha.

« Maman, umemuambia. »

« Sijamuambia kitu! »

« Umecheka. »

Maman Furaha si mtu mbaya, ila habari haikai kwake hata muda wa chai kuchemka. Kabla ya saa sita mama anayeuza makala, mkaa wa kupikia, kwenye kona aliniambia nimsalimie Papa Ansima.

Nilimpigia mume wangu simu, haipatikani. Nikapiga tena na tena. Nilimwona akilini akipanda njia yetu ya matope na begi mgongoni, na watu wamejificha kwenye kona wanamsubiri, kwa sababu ya kinu changu. Nilitaka kumwaga sufuria yote.

Badala yake nikaongeza majani. Nikaongeza mawese, karanga, sambaza zote zilizokuwamo. Kama siri imeshatoka, basi nyumba ijae watu, maana nani atavamia nyumba iliyojaa akina mama? Nikamwita Maman Furaha, nikamwita mama wa makala, nikaita kwaya nzima. Bugali nilisonga mpaka mabega yakauma. Wakala, wakasifu, wakaomba kuongezewa. Nilikuwa napakua huku nimegeuza sikio kwenye geti, na kila hatua nje ilinishtua.

Jioni akaingia. Amekonda, matope mpaka magotini. Akawaona watu wote wale, kisha akaniangalia mimi, nikajua ameelewa. Niliona aibu na furaha kwa pamoja, sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Hakuketi. Aliweka begi mezani katikati ya sahani, akaligeuza juu chini. Zikaanguka suruali mbili, shati, kikombe cha bati, buti zilizopasuka.

« Angalieni, ba maman. Nilienda na begi, nimerudia na begi. Njo ile tu, hakuna kingine. »

Wakacheka, kisha wakamwonea huruma. Maman Furaha akafuta macho. Lakini mimi namjua mume wangu, ana kiburi. Begi tupu lile angelificha hata mbele yangu, angesema mizigo inakuja nyuma. Leo amelianika mbele ya avenue nzima ili sisi tulale salama.

Nilimkwangulia chini ya sufuria, ndiko kulikobaki. Akaonja, akafumba macho.

« Iko ya kinu, » akasema.

Wageni wameondoka. Amelala kwenye kiti, hata viatu hajavua. Nimefunga komeo, na mimi na Ansima tumesukuma meza mlangoni. Maman Furaha ataitangaza habari ya begi, hilo sina shaka, na kwa mara ya kwanza maishani namwomba Mungu asimcheleweshe.

Ila wale ambao hawakuja kula, nani atawaambia leo kwamba begi ni tupu?