Kimya cha Asubuhi ya Mtihani

Hashmi ya Kaskazini,
Amman.
Jumatano, 12 Juni

Mpendwa mpwa wangu Luay,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Shahad na Yaman mdogo. Kikohozi chake kimepona? Nasikia huko Göteborg jua sasa halitaki kuzama. Hapa linatunyima hata pumzi. Mimi na binti yangu Nibras hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo nimeshalizoea kama jirani mlalamishi.

Mama yako ameniapisha nisikuambie nitakayokuambia. Kwetu Mosul aliye mbali haambiwi ugonjwa; huambiwa mgonjwa akishapona, au baada ya matanga. Nimeishi upande wa kutoambiwa karibu miaka thelathini, na najua ladha yake. Leo naivunja desturi hiyo.

Jumapili mama yako, dada yangu Sahira, hakusafishwa damu.

Unajua vituo vya figo vya kule hupungukiwa maji au umeme, basi kila asubuhi hupeleka habari kwenye seva iliyoko Baghdad, na mgonjwa hupata ujumbe kwenye simu: nenda kituo fulani, saa fulani. Asiyeitwa haendi, ili watu wasirundikane kwenye joto. Ujumbe wote hupangwa foleni ndani ya seva, na programu moja huutoa mmoja mmoja na kuupeleka kwa wenyewe. Foleni hiyo ndiyo kazi ya Nibras. Anailinda kutoka hapa, kwenye meza yetu ya kulia.

Anailinda kwa skripti, yaani mistari michache ya amri ambayo kompyuta huirudia kutwa. Inabisha hodi kwenye seva, inauliza foleni ina urefu gani, kama yupo anayeipokea, kama diski ina nafasi. Jibu likiwa baya, simu yake hupiga kelele. Nilimwomba anifundishe kuzisoma, nikazipenda, maana hazina neno la bure. Ananicheka: "Baba, wewe unasoma skripti kama mtu anayesoma mashairi. Subiri siku moja zikuamshe!"

Sasa, msimu huu ni wa mitihani. Asubuhi ya mtihani mtandao hukatwa Iraki nzima ili watoto wasiibe majibu, na wagonjwa huitwa ukisharudi. Kwa kuwa seva haikufikika, skripti zilipiga kelele bure mpaka jirani wa juu akaanza kugonga sakafu. Nibras akaongeza mstari mmoja: asubuhi za mitihani, nyamaza. Wenzake wa Baghdad walifanya vilevile. Hakuna aliyeona ubaya.

Jumapili mtihani wa kemia ukaahirishwa. Mtandao haukukatwa, lakini skripti ilifuata kalenda ikanyamaza. Asubuhi hiyohiyo ile programu ya kutoa ujumbe ikafa. Foleni ikarefuka, na sisi tukanywa chai yetu ya ndimu kavu, tukishukuru kwa utulivu. Mama yako alikuwa amekaa, ameshavaa abaya yake, akidhani ni mtihani tu unaomchelewesha. Ujumbe wake ulifika adhuhuri, skripti ilipoamka na Nibras akaiwasha upya programu ile, ukimwita kwenye kiti ambacho mtu mwingine alikuwa ameshakikalia. Wakamwambia nafasi nyingine ni leo.

Jana nilimpigia. Anavuta pumzi katikati ya kila neno. "Miguu imekuwa mito ya kulalia," akasema. "Na ukimwambia Luay, Hikmat, sikusamehi. Ana kazi, ana mtoto. Mwambie na Nibras aache kulia. Vimeshanijaribu vikubwa kuliko kompyuta yake."

Nibras ameufuta mstari ule. Leo ni mtihani wa kweli, na ninapoandika mtandao umekatwa. Simu inapiga kelele, jirani anagonga, nasi tumeamua kusikia. Tena ameiamuru seva yenyewe ituletee neno moja kila mara: nipo. Tusipolisikia, ndipo tuhangaike. Nilimwambia hilo si geni. Pale kituo cha simu cha Mosul, laini ikinyamaza kabisa tulimtuma fundi kwa baiskeli, hata kama hakuna aliyelalamika. Kimya hatukukiamini. Sijui ni lini nilianza kukiamini. Labda ni umri, labda ni kuishi mbali.

Niliweka kalamu chini. Mtandao umerudi. Foleni ilikuwa ndefu ya kutisha, kisha ikaanza kushuka, taratibu, na Nibras akawa anaisoma kwa sauti kama anayehesabu watu wanaotoka kwenye moshi. Nilimpigia mama yako mpaka akapokea. "Nimekaa. Sindano imeingia. Nesi anauliza ni nani huyu asiyechoka kupiga. Nimemwambia ni kaka yangu, fundi simu, hajui kwamba amestaafu."

Luay, bado moyo haujanitulia. Siku sita bila kusafishwa, tangu Alhamisi iliyopita, si jambo dogo. Basi mpigie, leo na kila mara. Lakini usimuulize kama ni mzima. Swali hilo kwake lina jibu moja tu. Muulize miguuni amevaa nini. Akisema viatu vyake, shukuru. Akisema kandambili za marehemu baba yako, zile pana, ujue miguu imevimba, nawe uniambie.

Nibras ataipiga picha barua hii akutumie, maana posta haina haraka yetu. Msalimu Shahad, mbusu Yaman kwenye paji la uso, na umfikishie salamu zangu shangazi yako Balqis huko Malmö, ingawa bado ana kamusi yangu. Mungu awalinde ninyi mlio mbali, na atupe sote ujasiri wa kuulizana.

Mimi nikupendaye, na sikuachi,
Mjomba wako Hikmat

Kabla hatujapiga picha nimemuuliza mama yako mimi mwenyewe. Kandambili.