Ng'ombe wa Khitma ya Mama

Tabora,
8 Mei 1960

Ndugu yangu Lukumani,

Salamu nyingi zikufikie hapo Nzega, wewe na shemeji Kuluthumu na watoto. Shikamoo yako naihesabu imeshafika, na marahaba yake ndiyo hii. Kile kikohozi kimekuacha? Na pamba yenu imefunguka vizuri? Mimi ni mzima wa kukaa. Magoti tu ndiyo yanayokataa ngazi za baraza.

Nimechoka, ndugu yangu. Tangu nistaafu ualimu na kuteuliwa mzee wa baraza, sijapata kesi iliyonichosha kama hii ya Damas, yule Mkristo wa Goweko. Unamjua: zamani alikuwa mchuna ngozi machinjioni, chini ya mkweo Mzee Shomari. Mwezi wa pili alifungua bucha karibu na soko, akachinja ng'ombe kwa mkono wake mwenyewe, akatundika kibao kusema kwamba nyama hiyo imechinjwa na Mkristo. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshashitakiwa.

Nivumilie nikueleze, mazoea ya ualimu hayatoki. Desturi ya mji wetu ni kwamba nyama ya kuuzwa huchinjwa na Mwislamu peke yake. Haikuwekwa kwa ubaya. Enzi za misafara walitua hapa wapagazi wa kila namna, na mkono mmoja uliwachinjia wote ili wapate kula chungu kimoja. Desturi iliyowakalisha watu pamoja ndiyo leo inayowapeleka kortini. Na hata wanazuoni wetu hawasemi neno moja: wapo wanaosoma kwamba nyama ya Watu wa Kitabu ni halali kwetu, na wapo wanaoikataa.

Damas alijitetea mwenyewe. Alisema hamlazimishi mtu kula, ndiyo maana ya kibao. Alisema pia kwamba ameandikishwa kupiga kura. Basi mkono unaoaminiwa kuwachagua watakaotunga sheria za nchi, unakosaje kuaminiwa kisu? Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba huyu atatulisha nguruwe. Damas akageuka akamwambia, weye bwana, nguruwe hana pembe. Njoo bandani kwangu uhesabu pembe. Hata hakimu alicheka.

Kisha hakimu akatugeukia sisi wazee watatu. Akauliza kama desturi hii imeshikwa siku zote, maana isiyokatika ina nguvu ya sheria, lakini iliyowahi kukatika na mji usipate dhara haiwezi kumfungia mtu riziki. Wenzangu wawili wakasema haijakatika. Nami nikasema haijakatika. Damas akanitazama, kisha akainamia kofia yake mkononi. Bucha ikafungwa. Sasa Josepha, mkewe, anauza mihogo mlangoni pale pale, chini ya kibao.

Hapa mwite Kuluthumu akae karibu, umsomee taratibu.

Nilisema uongo. Mwaka wa arobaini na mbili, siku ya khitma ya mama, nilikwenda machinjioni mapema kuchukua nyama. Nilimkuta Mzee Shomari amekaa juu ya debe, mkono wa kulia umevimba kwa jipu, umefungwa kaniki. Yeye alikuwa akisoma bismillahi, na aliyekata ni Damas. Walifanya hivyo karibu mwezi mzima. Shomari aliniomba nisitoe siri, kwa kuwa angeachishwa kazi, na Kuluthumu na wadogo zake walikuwa wakimtegemea yeye tu. Nikaibeba nyama nikaileta nyumbani. Mji ulikula. Wewe uliomba mchuzi mara ya pili, ukasema Shomari hajapata kuchinja ng'ombe mnono vile.

Damas alikuwa na neno moja la kumshindia kesi, akalimeza ili asimwaibishe mzee aliyemfundisha kazi. Mimi najiambia nililinda siri ya mkweo, lakini kweli ni kwamba nilijilinda mwenyewe. Niliogopa mji utaniuliza niliwalisha nini.

Rufaa ya Damas itasikilizwa mbele ya Bwana DC Jumanne ijayo, nami nimekwisha kuandikisha jina langu kuwa shahidi. Jana nilikwenda kumwambia Mzee Shomari. Akaniomba ningoje kwanza afe. Nikamwambia rufaa haingoji. Akauliza kama nimetumwa na Damas. Nikasema Damas hata hajui. Akageukia ukutani, nikaondoka bila kuagwa.

Mwambie Kuluthumu namwomba radhi kabla hajasikia habari hizi kwa watu wa basi. Akikataa kunipokea tena kwake, usimgombeze. Watoto uwape salamu zangu, na wakiuliza lini nitakuja, waambie magoti.

Ni mimi kaka yako, niliyekula nikijua,
Abbasi